Mashine Iliyofua Peke Yake Siku ya Hitma

Aibu hii wenzangu wameisimulia Mji wa Kale mzima, basi leo isikieni kwangu mwenyewe, mimi niliyetoka mbio kichwa wazi mbele ya wanaume.

Mashine yetu ya kufulia iliungua bodi, ile sahani ndogo ya umeme inayoiamrisha, na fundi Kazungu wa Tononoka akaniambia ningoje iletwe ya asili, lakini mimi kungoja nikaona kazi (na bei yake ilinichoma), nikamletea ya rahisi niliyoiokota dukani. "Funga hii hii, fundi." Akaigeuzageuza mkononi. "Imebaniwa mno hii, mama, wamepunguza vitu." Akaifunga.

Miezi michache baadaye mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Zuhura, akafariki. Asubuhi ile ile alikuwa amenipa leso yake niifue, nikaitia mashineni, kisha mauti yakatushughulisha, nikaizima mashine na leso nikaisahau humo. Maiti ikaoshwa chumba cha pili, ukuta mmoja na bafu.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, ikasomwa hitma. Wanaume wako chini barazani, sisi wanawake juu, kila mmoja na juzuu yake. Mara tukasikia maji yakimwagika polepole, kama mtu anayejaza ndoo. Wifi yangu Rukia akainua uso. "Nani yuko bafuni?" Tukatazamana. Sote tulikuwapo.

Nikaenda (mwenye nyumba si mimi?). Bafuni mlikuwa giza, ila kitaa cha kijani cha mashine kinawaka, na nyuma ya kioo leso ya Bi Zuhura inainuka, inageuka, inagandama kiooni kama kiganja, kisha inateleza. Mashine ikawa yagonga, du, du, du, mwendo ule ule wa marehemu alipokuwa akifikicha nguo kwa mkono, maana mashine hakuipenda kamwe.

Ngazi sikumbuki nilivyoshuka. Nilijikuta kichochoroni, mtandio sina, nikisema, "Mama amerudi. Amerudi kufua." Kisomo kikakatika, maalim akainamisha macho kwa kunisitiri, na nyuma yangu wanawake wakashuka wakisukumana, wengine miguu mitupu.

Mume wangu Athman hakunitazama. Alinipita akapanda juu.

Kazungu aliitwa, akafika kabla ya Magharibi, akaifungua mashine. "Bodi ya asili hupakwa dawa ya kuzuia unyevu, mama. Hii wameiacha tupu ili waiuze rahisi, na hewa yetu ya chumvi imeila. Umeme umevuka pasipo njia yake, mashine ikadhani imebonyezwa."

"Lakini niliizima."

"Kitufe hicho huzima taa tu. Maadamu haijachomolewa ukutani, ndani huwa iko macho."

Usiku ule sikulala kwa neno hilo.

Athman, tulipopanda na fundi, tulikuwa tumemkuta amekaa sakafuni bafuni, leso mbichi imemrowesha kanzu. Nilingoja anigombeze. Wageni walipokwisha kuondoka ndipo akasema, taratibu, "Uliposema amerudi, mimi nilipanda zile ngazi nimefurahi."

Vicheko vya mtaa nimevizoea. Neno hilo sijalizoea, na bodi ya rahisi haitaingia tena nyumbani kwangu, hata ikiwa nitafua kwa mkono mpaka vidole vichubuke.