Sufuria Haifunuliwi Kabla ya Ubeti

Juzi tumemzika mama mmoja Mkenya, mfanyakazi wa benki huko Sandton, hapa Johannesburg, na tangu tutoke makaburini sijakaribia chakula bila kuisikia sauti yake ikisema, "Bado!" Hatukuwa marafiki wa kupeana siri. Tulikuwa tukikutana kanisani Turffontein, ambako Wakenya, Wakongo na Warundi tunasali kwa Kiswahili huku watoto wetu wakinong'onezana kwa Kiingereza na Kizulu. Jambo hilo lilimkera kuliko sisi sote, kwa sababu mwanawe wa pekee hakuweza kuzungumza na bibi yake kwenye simu bila mtu wa kumtafsiria.

Miaka mingi iliyopita, mwanawe angali mdogo, alitumwa kikazi Uskoti. Siku ya mapumziko wenzake walikwenda madukani, yeye akapanda treni kwenda kuona alikozaliwa mshairi mkuu wa nchi ile. Alituhadithia habari za kijumba cheupe kilichoezekwa nyasi, na kitanda kilichojengewa ukutani alimozaliwa mshairi huyo, mtoto wa mkulima, kisha akatueleza habari za kaburi lake. Lakini kilichomshika zaidi ni kwamba mtu huyo aliandika kwa lugha ya kwao wakati wakubwa wakiiona ya kishamba, na hadi leo watu wake humfanyia karamu ambayo chakula hakikatwi mpaka kighaniwe shairi. "Mcheza kwao hutuzwa," akatuambia, na mwezi uleule akatuwekea sheria: chakula cha kanisani hakifunuliwi mpaka mtoto aweke mkono juu ya kifuniko na kughani ubeti wa Kiswahili. Ubeti wenyewe aliutunga yeye.

Tulimcheka sana. Fundi cherehani mmoja Mkongo alilalamika, "Mama, sisi kwetu tunaombeaka chakula, hatukiambiake mashairi!" Mimi nilinung'unika kwamba wali unapoa. Mwanawe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Kila zamu yake ikifika alisema, "Eish, Mama," akatoka nje. Mama hakugomba. Alimngoja, nasi tukangoja naye, hadi mtoto mwingine alipojitolea.

Baada ya mazishi tulirudi ukumbini. Sufuria za pilau zilipangwa mezani, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mwanawe yule mgumu, sasa mtu mzima mwenye ndevu, akasogea, akaweka mkono juu ya kifuniko. "Sufuria waungua, ili tushibe wenzako," akaanza, akakwama. Mtu mmoja akataka kumnong'oneza, yule fundi akamkemea: "Mumuache! Atamaliza yeye mwenyewe." Tukangoja. Machozi yakimtiririka, akamaliza: "Moto wako twaujua, asante kwa kazi yako."

Nililia, wala sioni haya kusema. Nimejifunza kwamba lugha haifi kwa kukosa wasomi. Inakufa kwa sababu sisi wazazi tuna njaa na hatutaki kungoja. Jumapili hii wajukuu wangu wanakuja kula. Wamenijulisha kwamba ubeti hawaujui, nami nimewajibu kwamba pilau itapoa.