Toa Manne

Jumapili iliyopita mwanachuo mmoja wa hisabati, anayejitolea kufundisha watoto kanisani kwetu, alimwambia mtoto, "Una maharage kumi. Toa manne." Mtoto akauliza, "Nimpe nani?" Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje.

Miaka mingi nyuma nilikuwa darasa la sita, kwetu Igowole, wa kwanza kwa hesabu, na mwinjilisti alikuwa ameniomba niwasaidie wadogo baada ya ibada. Tulikaa nyuma ya kanisa kwenye ukungu, sweta zetu zikinuka moshi wa jikoni. Nilimhesabia mmoja wao, Enesia, maharage kumi, nikamwambia atoe manne. Aliwaza kidogo, halafu akamwekea mwenzake Sara manne mkononi.

"Yamebaki mangapi?"

"Kumi, dada. Yale manne anayo Sara."

Nilidhani ananidhihaki. Nikampigisha magoti kwenye changarawe mbele ya wenzake. Hakulia, alitazama tu maharage yake sita. Asubuhi ile ile mwinjilisti alikuwa ametuhubiria habari za kutoa sadaka, na nyumbani kwao Enesia walizungumza Kibena tu. Neno lile alilijua kwa maana moja, ya kanisani. Leo naliona hilo waziwazi. Siku ile niliona ukaidi.

Wakati wa kuondoka alinifuata, magoti yamejaa vumbi jekundu, akanyoosha kiganja chenye maharage sita.

"Na haya nitoe, dada?"

Nikayapokea, nikayarudisha kwenye kopo, nikamwambia, "Sasa umeelewa."