Wakili Aliyekubali Mashine ni Moja

Wakili Salha Jamaldini sikumwamini tangu siku ya kwanza. Ofisi yake iko Miyuji, hapa Dodoma, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Mtu anayepambana na makampuni hana hata feni? Nikamnong'oneza mdogo wangu Hashimu, "Ndiye huyu?"

"Nyamaza, dada. Tuna nani mwingine?"

Salha ni mtoto wa Kondoa, baba yake muuza vitunguu. Alianza na kesi za mashamba kama mawakili wote, mpaka alipomwona fundi wa majiko ananyang'anywa kazi ya mikono yake na hakuna kortini aliyeelewa anachosema. Akarudi chuoni kusomea hataza, ile haki ya kisheria kwamba kitu hiki kipya ni chako, mwingine asikitengeneze. Wenzake walimcheka: Dodoma hii nani ana hataza? Siku hizi husimama Mahakama ya Rufani, kuwatetea walioshindwa chini.

Hashimu alikuwa ameshindwa. Aliunda mashine ya kupukuchua mahindi, na kwa kuwa pale Kibaigwa ukificha kitu utaitwa mchawi, akaiwasha sokoni watu wote waone. Baadaye kampuni moja ikaandikisha hataza ya mashine ile ile, ikamshtaki eti yeye ndiye mwizi. Mahakama Kuu ikamfungia karakana.

Mimi nauza mahindi hapo hapo. Nikakusanya wachuuzi wenzangu tujaze basi tukashuhudie. Salha akakataa.

"Rufani hawasikilizi mashahidi wapya, dada Mishi. Wanapima yaliyosemwa kule chini."

"Au hutaki yasemwe?"

"Kwani kesi ni yako au ya Hashimu?"

Siku ya rufani nikamkuta Salha mlangoni mwa mahakama anacheka na wakili wa kampuni, wameshikana mikono. Nikamwambia Hashimu, tumeuzwa. Majaji wakaketi, Salha akasimama, akasema bila haraka: "Waheshimiwa, tunakubali. Mashine hizi mbili ni moja."

Niliinuka. Hashimu akanivuta gauni nikakaa. Kule chini wakili wetu wa kwanza alikesha akibisha kwamba hazifanani, maana Hashimu aliogopa kuitwa mwizi!

"Na injinia wa kampuni mwenyewe," Salha akaendelea, "aliapa kule chini kwamba aliiona ikipukuchua sokoni Kibaigwa kabla hawajaandikisha. Kilichoonwa na soko zima si kipya. Hataza yao inasimama juu ya nini?"

Wakili wa kampuni hakucheka tena.

Hukumu ilipotoka, hataza ilifutwa na karakana ikafunguliwa. Nilipiga vigelegele. Wiki haijaisha, fundi Masudi wa ng'ambo ya barabara akatundika kibao: naye anatengeneza mashine hiyo hiyo! Nikapanda basi hadi Miyuji.

"Umetushindia au umetugawa?"

"Kisicho kipya ni cha wote. Hashimu nilimwambia mapema. Akasema anachotaka ni karakana yake ifunguliwe."

"Na yule uliyekuwa unacheka naye?"

"Tulisoma wote. Alikuwa ananiambia rufani yangu haina kichwa wala miguu."

Labda. Nilipofika mlangoni akaniita: "Dada Mishi! Akiunda kingine, asikiwashe sokoni kabla hajaja hapa."

Hashimu sasa anaunda mashine ya kupepeta. Nimeifunika turubai. Masudi akipita kutujulia hali, akikodoa macho, namwambia ni jeneza.