Kamba Ndefu za Wilda Billiot

Mara ya kwanza Alcide Pitre kupanda ngazi za nyumba ya Wilda Billiot, iliyoinuliwa juu ya nguzo, alifuata mashua ya marehemu mumewe. Maziko yalikuwa na wiki mbili tu. Alcide aliishi kwa kununua na kuuza mashua kuukuu, alianza na injini moja aliyoiopoa matopeni, na aliamini mjane huuza rahisi kabla machozi hayajakauka. Wilda alimpa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Haya, nisaidie kubeba haya madema ya kaa mpaka gatini."

Alibeba madema arobaini. Mashua hakupata. Miaka sita alirudi kila msimu, na kila msimu aliondoka na jasho lake.

Kisha kikaja kimbunga, na amri ya kuhama. Watu wa kijiji chao cha pwani, Pointe-aux-Joncs, kabla ya kukimbia huzipandisha mashua ndani kabisa ya kijito, wakazifunga kwenye miti mikubwa ya mialoni. Wilda, mwenye miaka sabini na mmoja, aliipeleka yake mwenyewe, akaifunga kwa kamba ndefu, zilizolegea hadi zikazama majini. Alcide alifunga zake tatu pembeni, kamba fupi, zimekaza kama nyuzi za fidla.

"Shangazi, mashua umeifunga au umeipeleka malishoni?"

"Maji yakipanda, zako zitapanda na nini?"

"Mimi sitaki zicheze."

"Hazitacheza. Zitakunywa maji."

Alicheka. Siku ya tatu, kwenye moteli mwendo wa saa nne kaskazini, hakuwa akicheka tena. Redio ilisema maji yamepanda futi kumi na mbili. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya tuta la kuzuia maji, hakuihofia. Aliwaza kamba zake fupi.

Wilda, aliyehamia moteli hiyohiyo, alikaa mlangoni pa chumba chake kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani. Huko kwao hakukuwa na mtandao. Aliyepiga ni bintiye tu, Charlene, kutoka Houston.

"Mama, ulikubali mwenyewe. Ukirudi ukakuta paa halipo, unakuja kwangu moja kwa moja."

"Nilikubali."

"Usije ukanigeuka."

"Nimekwambia nilikubali, Charlene. Acha kunipigia kama mdai."

Alcide alisikia yote. Akaleta vikombe viwili vya kahawa, akachuchumaa.

"Shangazi, tubadilishane. Mashua yako kwa karavani yangu, ile nyumba ya kukokotwa na gari niliyokuja nayo, pale nyuma. Leo, kabla hatujajua lolote."

"Na kama mashua imezama?"

"Imekula kwangu."

"Na kama nyumba yangu imesimama?"

"Utakuwa na mapaa mawili."

Wilda aliinuka, akaizunguka karavani, akafungua mabomba, akarukaruka sakafuni, akabonyeza pembe ya dari kwa kidole.

"Hapa panavuja. Utaziba. Na utaikokota wewe mpaka kiwanjani kwangu."

"Shangazi, unanichuna!"

"Miaka sita ulikuja na bei. Leo ndiyo umekuja na nyumba."

Wakapeana mikono. Alcide aliondoka akijiona amempiga bao bibi kizee.

Kesho yake mchana picha ziliingia, zimetumwa na binamu yake Wilda aliye polisi. Ya kwanza ilikuwa nguzo kumi na moja na ngazi isiyokwenda popote. Wilda aliitazama, akamkabidhi Alcide simu. Ya pili ilikuwa mialoni: mashua ya Wilda inaelea katikati, na kando yake ncha za milingoti mitatu zimechomoza majini.

Simu ikalia.

"Mama, nimeona. Paa halipo."

"Lipo. Liko hapa nyuma ya moteli. Lina magurudumu."

Wiki mbili baadaye Alcide aliikokota karavani, imezibwa, akaiegesha kando ya zile nguzo. Kisha wakaenda mialonini. Alcide alipokuwa akiwasha injini, Wilda alifungua kamba zake moja moja, akazikunja begani.

"Hizo nazo, Shangazi?"

"Tulipatana mashua."

Hakubishana, angefanya vivyo hivyo. Alifunga pale mashua tatu, akaondoka na moja, na bila hiyo asingekuwa na kazi. Wilda alipoteza nyumba, na mashua ambayo mumewe aliiunda kwa mikono yake. Kiwanja chake hakukihama. Alcide alikwenda kununua kamba nyingine, na muuzaji alipomuuliza urefu, alisema mara mbili ya zile za zamani.