Mzee Mmoja, Rafu Tano

Juzi, katika maktaba moja ya Harrow, Uingereza, nilimwona mama wa Kiunguja mwenye sare ya walezi wa wazee akirundika vitabu mezani: mashairi, riwaya, historia, hadithi za watoto, hata kimoja cha kutunza mawaridi. Vyote viliandikwa na Mwingereza mmoja, mzee ambaye mama huyo alimtunza miaka sita.

"Unaviazima vyote, mama?" aliuliza mkutubi, Mhindi mzaliwa wa Kisumu.

"Siviazimi. Viweke rafu moja. Mmemtawanya mzee wangu."

"Kila kitabu kina mahali pake, mama. Ndio utaratibu."

"Kwetu mtu mmoja hazikwi makaburi matano. Na huyu anazikwa kesho."

Mkutubi alivua miwani. "Nikiviweka pamoja, Jumatatu mwenzangu atavirudisha."

"Si neno. Jumatatu mzee atakuwa keshafika aendako."

Mkutubi akaondoa mabango kwenye rafu ya karibu na mlango, akavipanga.

Sisi wa magazeti tungemwandikia tanzia na kumwita bingwa wa kila fani. Kwa mlezi wake alikuwa mtu mmoja. Nilikwenda rafu ya safari, nikakuta kitabu chake cha sita, nikakiweka pembeni ya wenzake.