Kitambaa cha Fundi wa Turffontein

Fundi cherehani wetu hapa Turffontein, mkabala na uwanja wa mbio za farasi, alifundisha Kilatini seminarini Bukavu kabla ya kuhamia nchi hii, na mpaka leo hajaacha. Farasi wakipangwa uwanjani, huinua kitambaa cheupe dirishani. "Carceres," husema, yaani milango ya kutokea farasi. Kisha hukiachia kitambaa: "Mappa!" Ndivyo Warumi walivyoanzisha mbio, nasi majirani hucheka.

Septemba ile ya 2019, wanaume wenye marungu walishuka barabarani wakiimba kwamba sisi wageni tuondoke nchini mwao. Tukakimbilia dukani kwa fundi. Mama Héritière, msusi, akanong'ona: "Mwalimu, na hii iko nini?"

"Pompa. Ni maandamano ya kuingia uwanjani. Mbio bado."

Mkono wake mmoja ulishika komeo la mlango wa nyuma. Mwingine uliinua kitambaa. Tulijibanza nyuma yake, viatu mikononi, macho kwenye kitambaa kile.