Borghild na Kebo ya Skarvholm

Borghild Tveitane alikuwa akiunganisha simu za kisiwa chetu cha Skarvholm tangu usichana wake. Simu zote za bara zilipita kwenye kebo moja chini ya maji, na kebo ile ilibeba mazungumzo machache tu kwa wakati mmoja. Msimu wa samaki, wanunuzi waliishikilia kutwa nzima.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, mzee Ingvald alishinda kwa Borghild akisubiri kumpigia bintiye, aliyelazwa hospitalini Bergen, mji wa bara. Laini ilipopatikana, muuguzi alijibu kwamba binti ameshalala. Ingvald akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Borghild hakuusahau uso ule.

Shirika la simu lilipotangaza kufunga, kwenye ncha mbili za kebo ile ile, mitambo mipya ya kuunganisha simu yenyewe na kupitisha nyingi kwa pamoja, Borghild alifurahi, na dada yake akamcheka.

“Unashangilia mashine itakayokufukuza kazi?”

“Inifukuze tu, mradi watu waongee.”

Fundi wa shirika, Sverre, alipofika, Borghild alimwomba amfundishe. Ingvald naye akaja kuchungulia.

“Mimi na mke wa mchungaji kwenye waya mmoja? Si atasikia dhambi zangu zote!”

“Hasikii kitu, mzee,” Borghild alisema. “Mashine inageuza sauti yako kuwa tarakimu. Inatuma kipande chako, kisha kipande chake, kisha cha mwingine, halafu inarudi kwako. Zamu zinakwenda mbio hata sikio halitambui. Kule ng’ambo mashine nyingine inampa kila mtu chake.”

“Na zamu zikivurugika?”

“Hapo tutasikia vituko.”

Vikasikika kweli. Mitambo ilipowashwa, kila simu ilinguruma kama changarawe ndani ya sufuria. Watu wakaguna, Sverre akaloa jasho. Yeye na Borghild wakakagua mpaka wakagundua kwamba kila mashine ilifuata saa yake, ndiyo maana zamu hazikulingana. Sverre akairekebisha yetu ifuate saa ya ile ya bara, Borghild akiangalia taa za mtambo. Mngurumo ukakatika.

“Haloo? Baba, ni wewe?”

Ingvald alimshika Borghild mkono, akaongea na bintiye, aliyekwisha kutoka hospitali na kurudi nyumbani kwake bara akiwa mzima, huku wanunuzi wakibishana bei na mke wa mchungaji akicheka na dadake, wote kwenye kebo ile ile.

Meza ya Borghild ya kuunganishia simu iliondolewa kiangazi kile. Shirika likamkabidhi utunzaji wa mitambo ya visiwa vya jirani, naye, akiwa na miaka hamsini na kitu, akajifunza kuendesha boti.